UZI: Sorsogon, mkoa wa pwani Ufilipino ambako papa shilingi anaitwa butanding

MpishiWaMuscat (mwenye uzi)

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuahidi tangu mwaka jana na kila nikikaa kuandika zamu inaniita, leo nina ofu kwahiyo nautiririsha wote. Wale wa "bila picha uzi haujakamilika" naomba mnisamehe mapema, simu niliyopigia picha ilikunywa maji huko huko na ntaeleza ilikunywaje.

Mi ni mtu wa Tanga, napika kwenye hoteli hapa Muscat mwaka wa saba huu. Chumbani tuko wanne na jamaa wa kitanda cha juu yangu ni Mfilipino. Sisi tuliokaa Gulf hawa kina kabayan (Wafilipino) tunawajua sana, jikoni wapo, hospitali wapo, saluni wapo, ila nikiri kabisa miaka mitatu ya mwanzo nilikuwa nadhani Ufilipino ni Manila basi. Sasa siku moja naangalia klipu ya papa shilingi wa kisiwa cha Mafia kwenye simu, jamaa akachungulia kutoka juu akasema "butanding!" nikamwambia hapana bwana huyu papa shilingi, akasema hapana huyo butanding, tukabishana kama watoto wa chekechea kumbe samaki mmoja. Kwao ndo Sorsogon, wilaya ya Donsol. Mwaka 2023 mwezi wa pili dada yake anaolewa, nikaomba likizo nikaenda nae.

Haya tuanze na mambo ya msingi ili tuelewane. Ufilipino ni visiwa zaidi ya 7,600. Kikubwa kuliko vyote ni Luzon ndo Manila ilipo. Luzon upande wa kusini mashariki imetoa mkia mrefu uliojikunja kunja, huo mkia unaitwa Bicol, na ncha ya mkia kabla hujatumbukia baharini ndo Sorsogon. Mashariki unaangaliana na Pacific yenyewe, mawimbi hayana utani, kusini kuna mlango wa bahari unaitwa San Bernardino ukivuka unaingia kisiwa cha Samar, na magharibi maji yametulia kwasababu visiwa vya Masbate vinakinga, halafu katikati bahari imeingia ndani ya nchi ikafanya ghuba kubwa iliyofungwa karibu pande zote. Yaani kokote ulipo hauko mbali na chumvi.

Ukubwa ni kilomita za mraba kama 2,119 hivi, kwahiyo ni mdogo kuliko Unguja na Pemba ukiziunganisha. Watu kwa sensa yao ya 2020 ni 828,655. Una mji mmoja mkubwa, Sorsogon City, ambao ni makao makuu, na wilaya 14. Huo mji nao ni wa juzi tu, mwaka 2000 waliunganisha miji miwili Sorsogon na Bacon wakafanya mmoja. Mkoa wenyewe ulikatwa kutoka mkoa jirani wa Albay tarehe 17/10/1894 Wahispania wakiwa bado wanatawala, ndo maana kila mwezi wa kumi wana sherehe zao wanaita Kasanggayahan.

Majina ya wilaya sasa ndo utacheka. Kuna Barcelona, kuna Castilla, kuna Magallanes, kuna Santa Magdalena. Nilipoona kibao cha Barcelona nikajua nimelala kwenye gari tukapitiliza.

Naendelea, ngoja niweke maji ya chai.

mbishi_daima

Nimekaa mbele kabisa. Ila mkuu swali kabla hujaenda mbali, hiyo si ndo sehemu yenye ule mlima wa volkano uliochongoka kama pia? Umeuruka makusudi?

MpishiWaMuscat

Hapana mkuu huo ni Mayon upo Albay, jirani. Siku hewa ikiwa safi unauona kwa mbali ukiwa Sorsogon lakini si wao, na usimwambie mtu wa Sorsogon kwamba ni wao maana wana wa kwao unaitwa Bulusan, mita 1,565, na wanaona kama Mayon imewaibia umaarufu. Bulusan una msitu na ziwa kwenye ubavu wake, maji ya kijani yametulia tuli, tulienda na mashemeji tukapiga makasia wenyewe. Eneo lote ni hifadhi ya taifa tangu 1935.

Uzuri wote ule ila huo mlima una tabia ya kukohoa. Tarehe 5/6/2022 asubuhi ulirusha majivu vijiji vya Juban na Casiguran vikawa vyeupe. Haikuwa lava, ni maji ya chini yanapata moto yanageuka mvuke yanalipua majivu juu bila kutoa taarifa. Wenyewe wana mstari wa kilomita nne kuzunguka kilele, hapo hakuna ruhusa ya kuishi wala kulima muda wote hata mlima ukiwa umelala. Na moto huo huo wa ardhini wanautumia, mpakani na Albay kuna mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, kama ile ya Olkaria ya Wakenya.

mama_wa_Goma

Bandugu, sisi ba Goma volkano tunaijua kabisa. Tarehe 22/5/2021 Nyiragongo ililipuka mangaribi, batu balikimbia na magodoro ku kichwa kwenda Sake na bengine Rwanda. Lakini yetu inatosha lava yenyewe, inashuka kama mutoni. Iyo ya majivu bila kujulisha minaogopa zaidi, unaamuka asubui unakuta nyumba nyeupe.

MpishiWaMuscat

Pole mama. Kweli hiyo ya kwenu ni habari nyingine.

Sasa naingia kwenye kilichonipeleka. Donsol ni mji mdogo upande wa magharibi wa mkoa, mto unamwaga maji baharini hapo, na ule mto unaleta rutuba, rutuba inaleta vijidudu vidogo vidogo ambavyo vingi ni shida kuviona kwa macho, na hivyo ndo chakula cha butanding. Samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, anapita mita 12 huyo, anakula vitu ambavyo ukivishika ni shida kuviona. Wanakuja kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 6, wengi ni kuanzia wa pili mpaka wa tano.

Baba yake jamaa yangu ni mvuvi, kaniambia zamani walikuwa wanawaona kila mwaka na hawana habari nao, wengine waliwaogopa maana wanaweza kupindua mtumbwi wakigeuka vibaya. Donsol hawakuwa na desturi ya kuwavua, sehemu nyingine za nchi kama Bohol ndo waliwawinda na nyama ikawa inauzwa Taiwan kwa pesa nyingi. Mwaka 1998 wapiga mbizi wakaja wakawapiga video, habari ikavuma, na majangili nao wakasikia wakaja. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku nchi nzima kuwavua na kuwauza. Na Donsol ikageuka kutoka mji ambao hata Manila hawaujui ikawa mji wenye wageni wa kutoka kila bara.

Utaratibu wao ndo ulionifurahisha mi. Kwanza mnakaa mnaangalia video ya masharti, hakuna kukwepa hata kama ulishakuja jana. Boti moja wageni sita, nahodha, mtu wa kuchungulia anayesimama juu ya mlingoti, na afisa wa butanding ambae ndo bosi wenu mkiwa majini. Papa mmoja boti moja. Hakuna mitungi ya hewa, hakuna mwanga wa kamera, hakuna kugusa, mita tatu kutoka mwilini na mita nne kutoka mkiani maana ule mkia ukikupata utasimulia. Na hawamlishi. Kuna sehemu inaitwa Oslob kule Cebu wanawalisha kila asubuhi ili wasiondoke, ukienda unamwona asilimia mia. Donsol unalipa, unaingia baharini masaa matatu, na unaweza kurudi hujaona kitu.

Siku ya kwanza hatukuona kitu.

Msee wa Likoni

😂😂😂 umetoka Oman yote hiyo kuangalia maji

MpishiWaMuscat

We cheka tu. Siku ya pili tumezunguka mpaka nimeanza kusinzia, jua limenikaanga, ghafla mtu wa juu ya mlingoti anapiga kelele ananyoosha mkono, afisa anasema vaeni, vaeni, nikavaa miwani nikaruka. Simu nilikuwa nimeitia kwenye kile kimfuko cha plastiki cha kuning'iniza shingoni nilichonunua sokoni hapo hapo, basi ndo safari yake ya mwisho.

Nimeruka sioni kitu, maji ya Donsol si yale maangavu ya kwenye matangazo, ni ya kijani yana ukungu kwasababu ya hicho chakula chao. Nikawa nauliza yuko wapi yuko wapi, afisa akanishika kichwa akanigeuza akakiangalisha chini. Nilichokiona nilidhani ni mwamba wenye madoa. Halafu mwamba ukaanza kwenda. Wallahi wakuu nilisahau kupumua kwenye ule mrija. Anatembea taratibu kabisa kama mzee anaetoka msikitini lakini we unapiga miguu kama kichaa na bado anakuacha.

Yale madoa ndo yanawatambulisha, kila mmoja ana mpangilio wake kama alama za vidole, wanapiga picha ubavuni wanaiingiza kwenye programu inamtambua kama alishawahi kuja. Na hiyo programu hesabu zake zilitoka kwa wataalamu wa nyota waliokuwa wanatambua makundi ya nyota kwenye picha. Sasa fikiria, wazee wetu wanasema Mungu alimpenda huyu samaki akatuma malaika wammwagie shilingi mgongoni. Wengine wanaona shilingi, wengine wanaona nyota.

bintiKilindoni

Mkuu hapa umenigusa, mi ni mzaliwa wa Mafia. Kwetu wanakuja kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu, tena karibu kabisa na Kilindoni, unaweza kuwaona wanafuatana na wavuvi wa dagaa. Swali langu, wale wavuvi wa Donsol wanapata nini? Maana huku wazee wetu wengi kazi ni kuangalia boti za wageni zinapita, na nyavu za mtu zikichanwa na papa shilingi hakuna wa kumlipa.

MpishiWaMuscat

Dada swali zuri na sina jibu la kitabuni, naongea nilichokiona. Wachunguliaji na manahodha wengi ni wavuvi wa pale pale. Kaka yake jamaa yangu ni mchunguliaji, msimu ukiisha anarudi kwenye nyavu. Maafisa wa butanding pia ni vijana wa pale. Pesa inaingia mjini, nyumba za kulala wageni zipo, mama anauza maandazi yao ya mchele pale gatini. Ila nisikudanganye kwamba ni neema tupu. Kuna misimu papa walipungua sana na wageni wakahamia huko wanakolishwa, mji ukapoa. Yaani mmeamua kutomlisha mnyama, basi na nyinyi mnakubali kwamba kuna mwaka hamtakula vizuri. Mzee aliniambia hivi hivi anacheka, sijui alikuwa anacheka kweli.

Halafu kuna tukio la 2009, wilaya ya Pilar jirani na Donsol. Mtu alimkuta papa mdogo amefungwa kamba mkiani kwenye kigingi ufukweni, kumpima sentimeta 38, urefu wa rula na kidogo. Alikuwa ndo butanding mdogo kuliko wote waliowahi kupatikana akiwa hai. Wakampima, wakampeleka kina kirefu wakamwachia. Wataalamu walifurahi kwasababu hawajui hawa wanyama wanazaliwa wapi, na kale katoto kakawa kanaonyesha kwamba huenda ni maeneo hayo hayo.

Nahodha Mstaafu

Mwenye uzi hongera. Naomba nichangie kidogo kuhusu huo mlango wa San Bernardino maana mimi nimeupita na meli miaka hiyo nikiwa baharia, mkondo wake ni mkali sana na una visiwa vidogo vidogo vyenye mnara wa taa. Merikebu za Wahispania za Manila kwenda Acapulco huko Mexico, kuanzia 1565 mpaka 1815, zilikuwa zinatokea hapo kuingia Pacific. Miaka 250 hiyo. Hariri na vyombo vya China vinaenda, fedha ya Mexico inarudi. Na baadhi ya hizo merikebu ziliundwa hapo hapo kwenye ghuba ya Sorsogon kwa mbao za misitu yao, na waliokata mbao ni wananchi kwa kazi ya lazima.

Na usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Oktoba 1944 manowari za Japani chini ya Admeri Kurita zilipita hapo gizani, Wamarekani hawakulinda mlango, asubuhi zikawatokea mbele ya Samar. Vita vikubwa vya baharini hivyo.

mbishi_daima

Mzee Nahodha karibu tena jamvini, ulipotea. Sasa mwenye uzi, umesema mkoa, mkuu wa mkoa anateuliwa na rais au?

MpishiWaMuscat

Anachaguliwa. Gavana anapigiwa kura kila miaka mitatu, mwisho vipindi vitatu mfululizo. Kwahiyo nikisema mkoa wewe mbongo usifikirie RC, fikiria kama kaunti za Wakenya, ila wao mambo mengi bado yanaamuliwa Manila. Mikoa yote nchini sasa ni 82. Huyu Francis Escudero aliyekuwa Spika wa Seneti yao kuanzia 2024 mpaka 2025, alikuwa gavana wa Sorsogon 2019 mpaka 2022. Siasa za huko ni za koo, baba alikuwa, mtoto akawa, mke anagombea, nadhani hilo halihitaji tafsiri.

Chini kabisa kuna barangay, ni kama mtaa au kijiji na mwenyekiti wake, Sorsogon zipo 541. Na hili neno nililipenda sana, limetoka kwenye balangay, yaani chombo cha baharini. Mababu walikuja na jahazi, ukoo mmoja jahazi moja, wakashuka wakajenga, na kijiji kikabaki kinaitwa jahazi mpaka leo.

YakheWaWete

Yakhe kwa hilo la vyombo, zile bangka zao si ngalawa zetu hizi hizi? Zina mbao za pembeni kulia na kushoto. Nimeziona kwenye video nikasema huyu kaiba ngalawa ya ami.

MpishiWaMuscat

Yakhe ukifika utadhani uko Msuka. Tofauti zao wanatumia mianzi pembeni na zile kubwa zinafungwa injini ya lori inapiga kelele mpaka masikio yanauma. Na wanahistoria wengi wanasema ngalawa ndo imetoka kwao, maana watu wa visiwa vya upande huo walivuka mpaka Bukini (Madagaska) wakabaki huko. Kwahiyo aliyeiba ni ami.

Na mwani je. Mwani mnaolima Zanzibar tangu 1989, ile mbegu ya spinosamu na kotonii ilitoka Ufilipino. Sikuiona Donsol ila upande wa Pacific wanalima.

Sasa chakula, hapa ndo fani yangu mniachie. Wafilipino wengine wengi hawali pilipili sana, wao chakula chao kitamu kitamu na siki. Watu wa Bicol ndo wenye pilipili na TUI. Kila kitu tui. Kuna laing, ni majani ya magimbi wanayakausha kwanza halafu wanayapika na tui zito, dagaa na pilipili mpaka mafuta yanatengana, hawakorogi mwanzoni maana wanasema yakikorogwa yanawasha koo. Kuna nyama ya nguruwe ya tui na pilipili inaitwa Bicol Express, jina la treni iliyokuwa inatoka Manila, hiyo mi sikula, nasimulia tu. Halafu kuna kinunot. Kinunot ni papa au taa anachemshwa, anachambuliwa nyama nyuzi nyuzi, anapikwa na tui, siki, pilipili na majani ya mlonge. Mama yake jamaa alipoipakua nikauliza nani amempigia simu mama yangu Tanga. Tofauti ni mlonge na siki, huku kwetu ungeweka ndimu na bizari. Sikusema hivyo mbele yake lakini ya nyumbani bado ni tamu zaidi.

Halafu pili. Siyo pilipili, pili. Ni karanga ya mti mrefu, ganda lake gumu balaa wanalivunja kwa panga kwa pigo moja tu, ndani kokwa laini ina mafuta kama lozi iliyolainishwa. Wanaikaanga na sukari wanaiuza kila stendi. Nilibeba kilo mbili, zimeisha Muscat ndani ya siku tatu.

KataniIpoJuu

Umesahau kitu kikubwa mkuu na wewe unajiita mtu wa Tanga! Abaka! Ile mimea inafanana na mgomba lakini ndizi zake haziliki, wanatoa nyuzi kwenye shina. Ndo ile kamba ya manila. Bicol yote ilitajirika kwa abaka karne ya 19, na mpaka leo nyuzi zake zinaingia kwenye mifuko ya majani ya chai na noti za Japani. Ni mpinzani wa katani yetu.

Na kuna kitu watu hawakijui. Wajapani walipoiteka Ufilipino na Java 1941/42, Waingereza na Wamarekani wakakosa abaka na katani ya huko, kamba za meli zitatoka wapi? Wakageukia Tanganyika na Kenya. Babu yangu alikamatwa kupelekwa shamba la mkonge Korogwe wakati wa vita, kazi ya lazima, na hakujua mpaka anakufa kwamba chanzo ni vita vya visiwa vya watu asiowajua.

MpishiWaMuscat

Mkuu hili nimelisoma mara mbili. Nimemsomea na jamaa hapa juu, ametulia kidogo halafu akasema na babu yake nae walikuwa na abaka, Wajapani walitua Legazpi tarehe 12/12/1941, kijijini wote wakakimbilia mlimani na mashamba yakabaki pori. Kwahiyo babu yake alitoka shambani, babu yako akaingizwa.

Msee wa Likoni

Na harusi je? Ulisema harusi ukanyamaza.

MpishiWaMuscat

Harusi ilikuwa kanisani, wao karibu wote Wakatoliki. Baada ya hapo wanacheza pantomina, ngoma ya Bicol, maharusi wanazungukana kama njiwa, dume linamfuata jike linakwepa, na wageni wanawatuza pesa. KUTUZA kabisa yakhe, noti zinabandikwa kwenye nguo. Nikasema hapa ndo kwangu, nikaingia na noti zangu za peso ishirini ishirini nikapigiwa makofi. Mwaka 2019 walicheza hiyo ngoma barabarani Sorsogon City watu zaidi ya 7,000 kwa pamoja wakaingia rekodi ya dunia.

Kwa wanaouliza njia: Mkenya na Mtanzania unaingia Ufilipino siku 30 bila viza ila hakikisha mwenyewe kabla hujakata tiketi maana haya mambo hubadilika. Kutoka Manila unaweza kupanda ndege mpaka uwanja mpya wa Bicol uliofunguliwa Oktoba 2021, upo Daraga Albay, halafu gari ndogo kama saa moja na nusu mpaka Donsol. Au basi la usiku, masaa 12 na zaidi, kiyoyozi cha kugandisha maiti, beba koti.

Usiende mwishoni mwa mwaka kama unaogopa tufani. Upande wa Pacific ndo mlango wa tufani. Tarehe 2/12/2019 usiku tufani Kammuri ilipiga nchi kavu Gubat, Sorsogon, wao waliiita Tisoy maana wana majina yao wenyewe kila tufani. Idara yao ya hali ya hewa inaitwa PAGASA, na neno lenyewe kwa lugha yao ni matumaini. Wakishapandisha ishara tu feri zote zinasimama. Kule Matnog, ncha kabisa ya mkoa, ndo barabara ya Luzon inapoishia na magari yanapanda feri kwenda Samar, sasa feri zikisimama malori na mabasi yanapanga mstari kilomita nyingi. Jamaa aliwahi kulala kwenye basi hapo siku mbili Desemba, anasema walimaliza mayai ya kuchemsha ya mji mzima.

bintiKilindoni

Mkuu kabla hujafunga, huyo kaka yake mchunguliaji, muulize boti wanagawanaje kazi? Maana kwetu wenye boti nzuri na simu za mahoteli ndo wanapata wageni kila siku, wengine wanakaa tu ufukweni.

MpishiWaMuscat

Ngoja nimuulize, ndo anatoka zamu saa nne.

…

Haya nimerudi. Kaongea na kaka yake kwa video hapa. Anasema boti zina chama, zinakwenda kwa zamu kama daladala stendi, mgeni anajiandikisha ofisini halafu anapewa boti iliyo mbele ya foleni, hata kama ni mbovu ya injini we panda hiyo hiyo. Kuna watu wananung'unika, hasa wenye boti mpya. Mapato ya kiingilio yanapitia halmashauri.

Na yeye ana swali kwako dada, anauliza huko Mafia mnamlisha?

bintiKilindoni

Mwambie hatumlishi. Anatuibia dagaa mwenyewe.